Salama, Ila

Usiku wa kuamkia leo niliota kompyuta ya Mama Ambokile imelala kitandani kwangu, imefunikwa blanketi mpaka shingoni, ina homa.

Sikushangaa. Nilichojiuliza tu ni mimi nitalala wapi.

Kila baada ya muda mfupi inaamka. Inakaa kitako, inawaka bluu usoni, inasema, "Karibu," halafu inasahau ilichoamkia, inalala tena. Dukani imekuwa ikifanya hivyohivyo tangu Alhamisi, lakini dukani haikuwa na blanketi.

"Unaumwa wapi?" naiuliza.

"Salama tu," inajibu, na meno yanagongana.

Ni jibu ambalo ningelitoa mimi mwenyewe, kwa hiyo nikajua ni mgonjwa sana.

Nieleze kidogo. Mama Ambokile ana duka hapa Tukuyu, nami ndiye ninayemsaidia. Tunatoa fotokopi, tunapiga picha za pasipoti na kuuza madaftari. Ndani ya kompyuta ile mna sauti ya marehemu mume wake, Mwalimu Mwaijande, aliyekuwa akifundisha kwaya. Siyo wimbo. Ni mazoezi ya jioni moja, na sehemu kubwa ni mwalimu anafoka: "Sauti ya pili mmechelewa! Tunaanza tena." Kila siku saa kumi Mama anaifungua, anasikiliza watu wanavyofokewa, anacheka peke yake, anarudi kwenye kazi. Nakala nyingine hakuna.

Juzi Jumamosi fundi Ipyana aliikagua mashine akasema imeingia kirusi.

"Ningejua kimeingia siku gani, mama, ningeiwasha kwa hali salama, kirusi kikiwa kimelala, nikairudisha nyuma mpaka kabla ya siku hiyo, kikatoka chenyewe. Sasa nabahatisha wapi? Jumatatu asubuhi nakuja kufuta kila kitu."

"Na sauti?"

"Nikihamisha sauti, nahamisha na kirusi."

Mama akanigeukia. "Tusekile, hakuna mtu aliyechomeka kitu humu?"

Juu ya mashine, ukutani, kuna karatasi niliyoiandika na kuibandika mwenyewe: USICHOMEKE FLASHI YA MTU.

"Salama tu, mama," nilisema. Halikuwa hata jibu la swali lile.

Basi, kwenye ndoto, kompyuta ikatoa mkono nje ya blanketi. Sikujua kwamba ina mkono. Ikanyoosha kidole kwenye mlango wa chumba changu, na juu ya mlango nikasoma: HALI SALAMA. Nikaenda kufungua.

Nje hapakuwa na uwanja wetu. Palikuwa na herufi za kibodi, kila moja kubwa kama kigoda, zimepangwa mpaka mbali, na zote zinafanya kazi. A anakimbia huku na huku, jasho linamtoka, hana hata nafasi ya kusalimia. Kwenye Kiswahili A anaitwa kila mahali.

Q na X peke yao wamekaa juu ya kreti, wanakunywa chai.

"Nyinyi hamfanyi kazi?" nawauliza.

"Kazi ipi?" Q anasema. "Tangu duka lifunguliwe ameniita mteja mmoja, naye alikuwa amekosea. Ndiyo maana tukapewa kazi ya ulinzi."

"Mimi nimeitwa mara tatu," X anasema.

"Kwenye mitihani ya hesabu. Hiyo siyo kuitwa, hiyo ni kutafutwa."

X akaweka kikombe chini, akasimama, akanyoosha miguu yake minne. "Habari za utokako, dada?"

"Salama."

Kitu kizito kikaanguka mbele ya vidole vyangu. Tofali.

"Za nyumbani?"

"Salama."

Tofali la pili likakaa juu ya la kwanza, na udongo ukajipaka katikati.

"Za dukani?"

"Salama."

La tatu. Nikainua macho na kuona kuwa hayo matatu yamemalizia ukuta uliokuwapo tayari. Ukuta unapanda mpaka umeingia mawinguni, na kila tofali limeandikwa neno moja kwa mwandiko wangu, na S yangu yenye mkia ambayo mwalimu wa darasa la nne alikuwa akinikatia alama.

"Nani amejenga hivi?" nauliza.

"Wewe," X anasema. "Hodari kweli. Tangu Jumanne hujapumzika."

"Nataka kuingia Hali Salama. Fundi amesema."

"Hapa hawaingii walio salama," Q anasema bila ukali. "Walio salama wana shida gani mpaka wahangaike kuja huku?"

"Sasa niseme nini?"

Q na X wakatazamana kama watu walioulizwa jina la siku.

"Dada, hatukukatazi salama. Kila mtu anaanza nayo," Q anasema. "Hata aliyefiwa ukimwuliza habari, anasema salama. Halafu anavuta pumzi, anasema ila. Sisi tunalinda hapa kwa ajili ya hiyo ila."

"Hujawahi kufika kwenye ila?" X ananiuliza. "Hata ukubwani?"

Nikaona aibu. Wenzangu walifika darasa la saba, mimi niliishia la tano, na huenda ila walifundishwa la sita.

Nikajaribu. Neno limekwama pale kooni ambapo maneno yangu yote hukwama nikiwa na watu. Nikasukuma. Likatoka, likaanguka kiganjani, jeupe, dogo kama jino la mtoto.

X akalipima kwa vidole. "Ni ndogo sana hii."

"Ila ni ila," Q akasema.

Ukuta ukafunguka tundu la ukubwa wangu hasa, pamoja na sweta.

"Hiyo ni ya mlangoni tu," X akaonya. "Kinachofuata baada ya ila utakisema ndani."

Q akasimama, akanishika mkono wa kulia. "Nakwenda na wewe. Huku nyuma hakuna atakayejua kwamba sipo."

Tukaingia.

Sijui nitaelezaje. Hapakuwa na paa wala ukuta. Palikuwa na watu wote tuliowahi kuwapiga picha za pasipoti, maelfu kwa maelfu, kuanzia mabegani kwenda juu, wamening'inia angani safu kwa safu. Kila mmoja ana kitambaa chake cha bluu nyuma. Masikio yote yako nje. Midomo imefungwa. Wanatazama mbele, na hakuna anayepepesa jicho.

Namwona mzee wa kahawa aliyefariki mwaka juzi. Namwona mtoto mchanga aliyeshikiliwa kwa chini na mikono ya mama yake, mikono tu, mama haonekani. Najiona mimi mwenyewe, siku ya kwanza kazini, nimekodoa macho kama nimeshikwa na kitu.

"Kwa nini hawapepesi?" namnong'oneza Q.

"Waliambiwa wasitikisike. Hakuna aliyerudi kuwaambia imetosha."

Moyo ukanijaa. Nikafanya sauti ya Mama, ile ya kila siku. "Tayari. Asanteni."

Wakashusha pumzi.

Wote, kwa pamoja. Pumzi za miaka sita ya duka zikapita juu yetu, zikanipeperusha nywele, na zilinuka dawa ya meno na maziwa mgando na makoti yaliyonyeshewa. Halafu wakapepesa macho, na ilikuwa kama mlima mzima wa chai umegeuza majani. Nilisimama pale nikasahau nilichofuata. Nilitaka kupiga magoti, sikujua kwa nani.

Na katika ule ukimya, nikaisikia sauti ya Mwalimu.

Ilikuwa imetandazwa angani, ndefu kama barabara ya kwenda Mbeya, inang'aa, kila neno mahali pake. Unaweza kuona alipokohoa. Unaweza kuona kiti kilipoburuzwa, na mtu wa sauti ya nne anavyocheka chinichini. Nilikuwa nimeisikia kila siku saa kumi nikidhani ni kitu kidogo.

Chini ya sauti ile, kwenye kigoda, amekaa mgeni mmoja mfupi mwenye shati lililopigwa pasi. Ana sahani magotini. Kumzunguka, kwenye mkeka, watoto kama arobaini, wote wana shati lilelile.

"Karibu tule," ananiambia.

Kwenye sahani lipo neno *mmechelewa*. Limeshamegwa katikati.

"Wewe ndiye kirusi?"

"Mimi ni mgeni." Akanawa vidole kwenye bakuli. "Nilibisha hodi. Dirisha likauliza, aingie, asiingie? Ukabonyeza Ndiyo."

"Liliuliza kwa Kiingereza."

"Ni kweli. Nawe hukuuliza limesema nini."

"Yule kijana mwenye flashi alisema ni picha moja tu. Alisema, dada, sekunde moja."

"Ukaona aibu kumkatalia."

"Niliona aibu," nakubali.

"Haya, siyo dhambi. Mimi mwenyewe nina haya, ndiyo maana nakula polepole."

"Naomba uondoke," namwambia. Nilisema naomba. Ndivyo nilivyo.

"Nitaondoka, kwa nini nisiondoke? Lakini mgeni huaga kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba hajui kama nipo. Kila anapokuuliza habari za duka, unaniongezea chumba." Akaonyesha mkeka. "Nyumba ikiwa na vyumba, mtu anazaa."

Watoto wakanisalimia wote pamoja, kwa adabu. "Shikamoo, shangazi."

Nikaitikia marahaba, maana ningefanyaje.

Halafu mgeni akanyanyua mkono juu, polepole, akashika mwisho wa yale maneno *sauti ya pili*, akaanza kuyavuta kuelekea sahanini.

Mazoezi yakasimama.

"Nani huyo?" sauti ikauliza. Haikuwa na mwili, ila hewa yote ilijua Mwalimu anatazama upande gani. "Sauti ya pili! Nani huyo anayebaki nyuma?"

Maelfu ya watu wa pasipoti wakageuka, masikio yote nje, wakanitazama mimi.

"Wewe mwenye sweta. Wenzako wote wameshaingia. Umechelewa."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Tunaanza tena. Pale ulipoachia."

Mgeni ameacha kuvuta. Watoto wameacha kutafuna. Q amenibana mkono mpaka unauma. Nafungua mdomo, na angani, mbele yangu, kuna nafasi tupu inayong'aa, ya ukubwa wa sentensi moja.

Nikaamka.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Kitandani nilikuwa peke yangu. Mkono wangu wa kulia umekunja ngumi, vidole vimekakamaa, na ndani ya ngumi nilihisi kama kuna kitu. Sikuufungua. Niliogopa kukuta hamna kitu. Nikavaa kwa mkono mmoja, nikaenda dukani.

Ipyana alishafika, ameshakaa mbele ya mashine. Mama Ambokile hakukaa kwenye kiti chake. Alikaa kwenye benchi la wateja, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kuhudumiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama."

Akatikisa kichwa, akageukia mashine. Kidole cha Ipyana kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufuta.

Nikavuta pumzi.

"Ila, mama."

Hakunisikia. Kidole kikaanza kushuka. Nikasema tena, na sikuijua sauti iliyotoka, hata mteja aliyekuwa nje akichagua madaftari alichungulia ndani. "Ila, mama! Kuna flashi. Niliichomeka mimi."

"Wewe?"

"Kijana aliomba, nikaona aibu. Dirisha likauliza kitu, nikabonyeza Ndiyo."

Mama akasimama, mkoba ukaanguka. "Lini?"

"Jumanne."

"Jumanne! Siku sita, Tusekile! Siku sita nakuuliza habari, unanijibu salama!"

"Ndiyo, mama."

"Usiniambie ndiyo!"

"Mama, ngoja umgombeze baadaye," Ipyana akasema, keshavuta kibodi karibu. "Jumanne saa ngapi, dada?"

"Saa nane. Mvua ilikuwa imekatika."

"Basi tunarudi Jumanne asubuhi. Tuone kama itakubali hali salama."

Kioo kikawa cheusi. Kikakaa hivyo muda mrefu. Mama hakunitazama, wala mimi sikumtazama, tulitazama weusi ule pamoja. Halafu ukatokea mwanga wa bluu. Ukasema karibu. Nikangoja usahau ulichoamkia. Haukusahau.

Ipyana akapekua kidogo, akabonyeza, akajivuta nyuma. Spika ikakwaruza, mtu akakohoa, kiti kikaburuzwa.

"Sauti ya pili mme—wa! Tunaanza tena."

"Pamemegwa," Mama akasema.

"Neno moja tu, mama. Mengine yote yapo." Ipyana akarudisha nyuma, akacheza tena.

"Sauti ya pili," Mwalimu akasema, na pale palipomegwa Mama Ambokile akaingiza mwenyewe, kwa ukali uleule, "mmechelewa!" Halafu akacheka, akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Alipomaliza akanitazama. "Na wewe kaa chini. Tutaongea saa kumi."

Nikakaa.

Ipyana alikuwa anafuta vumbi kwenye kibodi. Akasita, akaiinua kwenye mwanga wa dirishani.

"Mama, hii Q imeng'oka lini?"

"Q ipi?"

"Herufi Q. Haipo kabisa."

"Nitajuaje? Nani anaitumia?"

Wakanigeukia mimi wote wawili. Nikaufungua mkono wangu wa kulia.