Sufuria Iliyoyumba Juu ya Kioo

Wanawake kumi na wawili wa kanisa wangefika Githongo saa saba kula, na githeri ya Ciakuthii, mahindi na maharagwe, ilikuwa haijatoa hata povu. Tangu asubuhi sufuria iliyumba tu juu ya jiko la umeme lenye uso wa kioo alilonunuliwa na bintiye, Karimi, kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake.

Na alikuwa ameiandaa vizuri, jinsi mama yake alivyomfunza: aliipaka udongo kitako chote ili masizi yasishike.

"Mama! Udongo wa nini?" Karimi alimaka alipoingia jikoni. "Hapa kuna moshi gani?"

"Sufuria haiendi motoni uchi."

"Na kitako chenyewe kimevimba! Miaka thelathini juu ya mafiga. Jiko hili linataka sufuria nzito, kitako bapa, kikavu, kikae chote kwenye kioo. La sivyo moto unapotea bure."

"Basi nipe hiyo inayotakiwa."

Karimi akatoa moja mpya, bapa kama meza. Ciakuthii akachungulia ndani yake.

"Hii nampikia nani? Paka?"



Mama akainua sufuria yake. Udongo ulikuwa umekwaruza kioo kizima, lakini hakuomba radhi. Aliibeba hadi nyuma ya nyumba, akaitua kwenye mafiga, akapuliza moto kwa hasira mpaka machozi yakamtoka.

Wageni walikula saa kumi. Jiko la kioo likabaki kumchemshia Karimi chai, ya mtu mmoja.