Matangazo Yaliyokatwa

Kwa miezi mitatu Unguja nzima hakufa mtu hata mmoja, na mimi nilichelewa kulitambua hilo. Najilaumu. Nilifanya kazi miaka thelathini na moja katika kiwanda cha kupiga chapa, na kazi yangu ilikuwa kusoma karatasi kabla hazijachapishwa na kuona kilichokosekana. Kazi hiyo sikupewa kwa hisani. Niliingia pale nikiwa mfagiaji, nikasoma skuli ya usiku miaka minne, na tangu hapo haukupita mstari ulioruka mbele ya macho yangu. Lakini mwanangu wa kumzaa alinirukishia mistari miezi mitatu, nami nimeketi kwenye kiti nakunywa chai.

Mwanangu ni Hafidh. Hununua nguo huku Guangzhou, kwenye maduka ya jumla ya barabara ya Zhanqian, akajaza kontena bandarini Huangpu na kupeleka Unguja na Dar es Salaam. Mwaka 1998, nilipopooza upande wa kushoto, yeye ndiye aliyesema niletwe nichomwe sindano za Kichina. Tajiri anayemuuzia suruali ana dada mwenye nyumba ya kutunzia wazee mtaa wa Liwan. Nikapewa kitanda ghorofa ya pili, chumba kimoja na Mzee Liang, fundi saa mstaafu. Asubuhi daktari huja na sindano zake. Mguu ulianza kusikia mapema. Mkono wa kushoto ulikataa. Vidole vilibaki vimelegea, hata leso siwezi kuishika.

Mchana wa nyumba ile ni mrefu. Chini kuna ukumbi wenye televisheni, na wazee hukusanyika kutazama michezo ya Hong Kong, watu waliovaa vizuri wanapigana makofi na kulia. Sikuelewa neno hata moja. Hafidh alinikuta siku moja nimekaa pale nimekodoa macho kama niliyesahauliwa stesheni. Kesho yake alikuja na televisheni na deki, akaunganisha nyaya mwenyewe kando ya kitanda changu, akabandika karatasi kwenye rimoti: CHEZA, SIMAMA, RUDISHA.

"Najua kusoma," nilimwambia.

"Najua unajua, baba. Vitufe vyenyewe vimeandikwa Kichina."

Mpango ulikuwa huu. Dada yake, Swalha, arekodi televisheni ya nyumbani kwenye kanda, ampe mfanyabiashara yeyote anayepanda ndege kuja huku. Na ilikuwa hivyo. Kila wiki au siku kumi hivi nilipata kanda. Adhana ya magharibi ya Unguja ilisikika chumbani kwetu saa nne asubuhi, huku nje wanawake wanatundika nguo kwenye mianzi madirishani. Zikaja kasida, zikaja taarabu, ikaja taarifa ya habari. Mzee Liang alipenda taarabu, akijipiga paja. Zaidi alimpenda msomaji wa habari, bwana mmoja mwenye miwani mikubwa. Kila alipotokea, Mzee Liang alimpigia saluti, kisha akacheka mpaka akakohoa. Nakiri nilifurahi. Niliandika barua kwa Swalha kumshukuru, barua ya kurasa tatu.

Pamoja na baadhi ya kanda vilikuja visheti. Dada yangu, Bi Dalila, ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufa. Visheti alivyouza mlangoni ndivyo vilivyolipia ada yangu ya skuli ya usiku. Alikuwa na miaka themanini na mbili na hakujua kuandika, basi salamu zake alizitia kwenye kopo. Hafidh alikuwa akiliweka kopo mezani na kusema, "Shangazi anakusalimu. Anasema ule, usigawe." Nami niligawa, kwa kuwa Mzee Liang ni mtu wa kuangalia kopo mpaka umwonee haya.

Siku moja alikuja Joachim, mfanyabiashara wa Mwanza anayenunua redio, aliyepanga hoteli moja na Hafidh. Alileta machungwa. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili na hakuuachia.

"Pole sana, mzee wangu."

"Pole ya nini, Joachim?"

Akautazama mguu wangu. "Ya mguu, mzee. Ya mguu na mkono."

"Mguu una miezi minne sasa. Leo ndiyo umeuona?"

Akacheka peke yake, akaanza kunimenyea chungwa nisiloliomba.

Wiki ileile niliweka kanda mpya. Msomaji wa miwani alimaliza habari, akapanga karatasi zake, akasema, "Mara baada ya taarifa hii, mtasikiliza matangazo ya vifo." Picha ikatikisika, na papo hapo nikaona watoto wa madrasa wanaimba kasida.

Nilirudisha. Nikacheza tena. Nilirudia mara tano, na Mzee Liang akapiga saluti mara tano.

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa matangazo ya vifo ni nini. Sahani husimama hewani yanaposomwa. Nimeyasikiliza tangu yalipokuwa ya redio peke yake, na haikupita wiki bila jina ninalolijua. Nilizitoa kanda zote, nikazipanga kitandani kwa tarehe. Mzee Liang alikuwa akizitia kwenye deki, mimi nikibonyeza kwa mkono wa kulia. Kanda kumi na mbili. Katika kila moja nilikwenda mwisho wa taarifa ya habari, na katika kila moja picha ilitikisika palepale. Kwenye zile kumi na moja, aliyekata alikuwa ameondoa hata yale maneno ya msomaji. Kwenye hii ya mwisho alikuwa na haraka.

Ndipo nilipoukumbuka mkono wa Joachim.

Hafidh alikuja alasiri, ametokea soko la nguo la Shisanhang, mabega yamelowa mvua, na mifuko miwili ya sampuli za magauni.

"Shikamoo, baba."

Sikuitikia. Akasimama. Katika maisha yake yote sikuwahi kuiacha shikamoo yake chini.

"Nani amekufa?" nikamuuliza.

"Baba, kaa kwanza—"

"Nimekaa. Nimekaa miezi minne. Nani?"

Akaitazama ile safu ya kanda kitandani. Akaweka mifuko chini, polepole, kama mtu anayeweka mayai.

"Shangazi," akasema.

"Lini?"

"Baba, daktari alisema presha yako ikipanda tena—"

"Sikukuuliza daktari. Lini?"

"Leo siku ya arubaini na saba."

Nilihesabu. Hitima imekwisha, arubaini imekwisha, wali umeliwa, majamvi yamekunjwa, na watu wote walioketi pale waliuliza Marijani yuko wapi, mdogo wake yule aliyemsomesha. Wakajibiwa nini? Kwamba anatazama taarabu?

"Kopo lile," nikasema, "aliyelipika nani?"

Akaanza kuzipanga upya zile kanda kitandani.

"Ulisimama hapo ulipo ukaniambia shangazi anakusalimu. Wiki iliyopita. Anasema ule, usigawe. Daktari alikuagiza hayo pia? Uniletee salamu za maiti?"

"Swalha ndiye aliyevipika. Tulidhani visipokuja utauliza."

"Na ningeuliza! Ndiyo, ningeuliza! Ulimi ninao! Makopo yapi hasa yalikuwa yake?"

"Makopo mawili ya mwanzo."

Yale mawili niliyamaliza upesi kuliko yote, tena bila kuwaza, nikitupa makombo dirishani kwa ajili ya ndege. Niliwaza hilo nikataka kumpiga, na mkono uliokuwa karibu naye ulikuwa wa kushoto.

"Nani mwingine alijua?"

"Watu wa hotelini."

"Wote?"

"Wote, baba. Walikuja kunipa mkono wa pole. Nikawaomba wasikwambie."

"Walikupa wewe pole! Ya dada yangu! Hata Joachim wa Mwanza, asiyemjua wala kumwona, amehani kabla yangu. Mimi ndiye mwenye msiba, Hafidh. Mimi! Nyinyi mmemzika dada yangu na mkanizika mimi juu yake, tofauti ni kwamba mimi mmeniachia deki."

Mhudumu alichungulia mlangoni kwa zile kelele. Mzee Liang akamwashiria aondoke, akaondoka.

Hafidh alikuwa analia. Hakunilainisha. "Tangu kanda ya kwanza tulikata," alisema. "Hakuwa amekufa mtu wa kwetu bado. Swalha alisema hata akitajwa jirani utashtuka. Zinakuja kwangu kamili. Mimi ndiye ninayenakili hotelini kwa deki mbili, ikifika pale nasimamisha."

"Kwa hiyo zile kamili unazo."

Akagundua alichokisema. "Ziko chini ya kitanda changu."

"Zilete."

"Baba, kwa faida gani—"

"Nilikuwa nalipwa mshahara nione kilichokatwa. Leo nitakiona bure. Zilete zote, sasa hivi, na usirudi hapa bila hizo."

Alirudi baada ya saa moja, kwa teksi, na boksi la viatu limejaa kanda. Alijua ni ipi. Ilikuwa na alama ya kalamu nyekundu. Aliitia mwenyewe. Msomaji wa miwani akatokea, Mzee Liang akainua mkono kwa saluti, akatutazama, akaushusha.

Habari zikaisha. Karatasi zikapangwa. Halafu sauti ileile iliyosoma bei ya karafuu ikasoma hivi: "Bwana Jaffari Othman wa Malindi, Unguja, anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, Bi Dalila binti Salim, kilichotokea leo asubuhi. Maziko yatafanyika kesho saa saba mchana. Habari ziwafikie Bi Hafidha Othman wa Wete, Pemba. Bwana Murshid Othman wa Dar es Salaam. Na ndugu wa marehemu, Bwana Marijani Salim, aliyeko Guangzhou, Uchina."

Niliichukua rimoti, nikabonyeza SIMAMA. Msomaji akaganda, mdomo wazi.

"Umesikia?" nikamuuliza Hafidh.

"Nimesikia."

"Nani ametajwa mwisho?"

"Wewe, baba."

"Jaffari alikwenda kule kwenye televisheni amefiwa na mama yake asubuhi ileile, na bado akakumbuka kuandikisha jina langu, na mji niliopo, ili habari inifikie. Ikasomwa mbele ya Unguja nzima. Ikapandishwa ndege. Ikavuka bahari ikafika mpaka huu mtaa. Ikakutana na kidole chako."

"Nisamehe, baba."

"Sijafika huko. Rudisha."

Tuliisikiliza mara tatu. Mara ya tatu niliweza kusema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," na nikamtaka Hafidh aseme nyuma yangu, akasema.

"Sasa weka ya kwanza," nikamwambia.

"Ya kwanza haina mtu wetu."

"Utajuaje nani wangu? Uliwahi kusoma skuli ya usiku nami? Uliwahi kupiga chapa nami? Weka."

"Ziko kumi na mbili, baba."

"Nilikuwa nasoma kurasa mia kwa siku. Weka."

Akaweka. Katika kanda ya kwanza walitajwa watu wanne, sikumjua hata mmoja. Katika ya pili alikuwemo mke wa mwalimu wangu wa hesabu. Katika ya nne alikuwemo Protas, Mkristo wa bara, aliyefanya kazi kwenye mashine ya jirani nami miaka kumi na tisa. Nilimwandikia barua mwezi uliopita nikimlaumu kwamba hajibu. Kwa kila jina nilisimamisha kanda, na Hafidh akarudia Inna lillahi nyuma yangu mpaka akachoka. Sikumhurumia. Alipoomba maji nilimwambia jagi liko palepale.

Kanda ya tano ilipofika mwisho wa taarifa ya habari, msomaji akapanga karatasi zake, na Hafidh akanyoosha mkono kuelekea kwenye deki. Nadhani ni mazoea tu. Vidole vyake vilikuwa vimezoea kazi hiyo. Niliukamata mkono wake nikaubana mpaka akaguna. Nilipotazama, niliona nimemkamata kwa mkono wa kushoto.

Sikumwachia. Majina yakaanza kusomwa.