Bwana Muhuri na Kitufe cha Kutuma

Siku hiyo mjinga alikuwa yeye, na hana wa kumsingizia. Bwana Muhuri, afisa ununuzi wa bohari ya dawa ya serikali, alijaza agizo la insulini kwenye kompyuta kama mfumo mpya ulivyotaka. Akalichapa, akaligonga muhuri, akatia saini yenye mikia, akalifungia kabatini. Kisha akaenda kunywa chai, roho kwatu.

Kubonyeza kitufe cha kutuma? Hilo hakulijua. Siku ya mafunzo alikaa nyuma kabisa, jirani na birika. Tangu hapo shemeji yake, mdogo wa kike wa mkewe aliyekaa meza ya pili, ndiye aliyembonyezea kimyakimya. Wiki hiyo shemeji alikuwa likizo.

Shemeji aliporudi kazini, alikuta simu inalia: hospitali imeishiwa insulini. Bwana Muhuri akalikodolea macho kabati. Mama mkwe, aliyeishi kwake na kumwita "mwanangu" hata mbele za watu, alipewa dawa na hospitali hiyohiyo, na chupa yake ilikuwa imekwisha asubuhi ile.

"Mbona niliagiza! Na muhuri nikapiga."

"Umeliagizia kabati, shemeji. Agizo lako hili hapa kwenye skrini, limekaa kama bibi harusi aliyesahauliwa saluni."

Shemeji akalituma. Kisha, kwa kuwa dawa ya kiwandani ingechelewa, akatazama kwenye mfumo huohuo bohari ipi jirani ina akiba, akaomba. Alasiri gari likaingia na makasha ya baridi. Bwana Muhuri aliyapokea mwenyewe, tai begani, akayapeleka hospitali akiwa ameyapakata kama kichanga.

Jioni, nyumbani, mama mkwe alidungwa kwa wakati.

"Asante, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Bwana Muhuri alitamani zulia limmeze. "Mshukuru binti yako huyu, mama. Mimi leo nilikuwa hamali tu." Akamgeukia shemeji, machozi yakimlengalenga. "Na mimi nakushukuru, nitakushukuru mpaka unichoke. Lakini na wewe kubali kidogo. Umeme ukikatika, mashine yako inalala. Karatasi hailali."

Shemeji alikuwa akiiweka chupa kwenye friji. Hakugeuza hata shingo.

"Sawa, shemeji. Kesho asubuhi mdunge mama karatasi."