Uzi wa Mabegi

Mume wangu hatupi uzi. Katika miaka thelathini na moja ya ndoa nimemwona akitupa viatu, redio, hata barua za ndugu zake, lakini uzi, hapana. Akifumua pindo la suruali anauvuta taratibu, anaupima kwenye kiganja, na ukizidi kiganja unaingia mkebeni. Nilimwambia siku akifa tutamzika na mkebe wake. Akasema sawa, mradi uwe umejaa.

Watu wote wanamwita Fundi, nami pia. Chumba chetu cha mbele ndicho anachofanyia kazi: cherehani mbili, meza ya kukatia, na dirisha pana linalotazama mti mkubwa ulio nje ya ukuta. Mwaka juzi alibisha hodi mkata matawi, huyu tunayemwita Ngazi kwa sababu hajawahi kuonekana bila ngazi begani. Mkononi alikuwa na kofia, na ndani ya kofia kindi mchanga, macho hayajafunguka, hana hata unyoya. Tawi alilolikata lilianguka pamoja na kiota, na mama mtu akakimbia.

"Usiniletee panya ndani ya nyumba," nilimwambia.

"Huyu siyo panya, dada."

"Ana mkia?"

"Anao, lakini..."

"Basi ni panya."

Fundi hakubishana na mtu. Alimviringisha kwa kipande cha flana, akaanza kumnywesha maziwa kwa bomba la sindano, tone kwa tone, kila baada ya saa mbili. Macho yalipofunguka yalikuwa meusi, ya mviringo, yanang'aa. Akamwita Kifungo. Sisi hatukujaliwa mtoto, na nalisema hili mapema ili usije ukadhani mume wangu alirukwa na akili. Mimi mwenyewe, na ukali wangu wote, wiki ya sita nilijikuta namsonya mteja aliyetaka kukalia kiti cha Kifungo.

Alipokomaa, Fundi alifungua dirisha na kuliacha wazi siku nane. Kifungo alitoka, akarudi, akatoka, na mwisho akahamia mtini. Kila asubuhi alishuka kuchukua karanga kwenye kizingiti cha dirisha, anamkanyaga Fundi mabegani kama anakagua shamba lake, kisha huyo, anapanda zake.

Halafu Fundi akapata kiharusi. Upande wa kushoto ulikufa ganzi, mguu haukuweza tena kukanyaga cherehani, na mkono ulilala mapajani kutwa nzima. Dada wa mazoezi kule hospitali alimwagiza afunge vifundo kwa mkono ule, ishirini asubuhi, ishirini jioni. Fundi alisema yeye si mtoto wa chekechea. Alikata tamaa kabisa. Alikaa dirishani anatazama ukuta, nami nikashona peke yangu na kugombana na kila aliyeingia.

Kifungo ndiye aliyemwinua. Asubuhi moja alishuka tumbo limemjaa, akaziacha karanga, akaanza kung'oa nyuzi kwenye soksi ya Fundi na kuzikusanya mdomoni.

"Anajenga," Fundi alisema. Tangu augue sikuwa nimemsikia akicheka. "Mama weee, mtoto anajenga!"

Nikamletea mkebe. Nilimchagulia nyuzi za pamba, laini. Akatikisa kichwa.

"Siyo hizo. Hizo zinaoza mvua ya kwanza. Lete wa mabegi."

Uzi wa mabegi ni wa nailoni. Tunashonea mikanda ya mabegi ya shule, maana watoto huyaburuta na kuyarusha, na uzi ule haukatiki hata umpandishe nao mtu mzima kutoka kisimani. Fundi alivichukua vipande vifupi, akaviunga kimoja kimoja kwa mkono wake mgonjwa. Kifundo cha kwanza kilimchukua karibu nusu saa. Cha pili, pungufu kidogo. Alipomaliza alikuwa na uzi mrefu kama chumba, akaukunja, akauweka kizingitini. Kifungo akaupeleka mtini, akarudi kutaka mwingine. Kwa mtoto wako unatoa kilicho imara, na fundi cherehani hajui uimara mwingine. Nami ndiye niliyekuwa nikiuleta mkebe.

Wiki zile zilikuwa nzuri, siwezi kusema vingine. Watoto walizaliwa. Tuliwasikia wakilia kwa sauti nyembamba, na Fundi akawa anawaambia wateja kwamba ana wajukuu. Vifundo ishirini vikawa hamsini. Siku aliyoshika kikombe kwa mkono wa kushoto na kunywa bila kumwaga, dada wa mazoezi alimpigia makofi, naye akajifanya hajali.

Kisha Kifungo akaanza visa. Siku mbili mfululizo, Fundi akiwa mazoezini, alikuja dirishani kila dakika, ananiparua mkono, anavuta kitambaa nilichokuwa nashona, anakimbilia mtini, anarudi. Nikamwekea karanga. Hakuzigusa. Nikamwambia ana tamaa kama mashangazi zangu, nikamfungia dirisha nimalize sare za watu.

Siku ya tatu wifi yangu alimpeleka Fundi tena mazoezini. Nilipobaki peke yangu nikawa nasikia kilio cha mtini, na hakikuwa kile cha kudai chakula. Nikamwita Ngazi.

Alipanda hadi kwenye kiota.

"Dada," alisema, "niletee mkasi."

Nilimpandishia mkasi mdogo wa Fundi, ule wa kukatia nyuzi. Alishuka na kofia ileile ya kwake. Watoto walikuwa watatu, wameota manyoya, wazuri. Uzi ulikuwa umewazunguka miguuni na kwenye mikia, na kila walivyokua na kujivuta ndivyo ulivyozidi kukaza. Wawili walikuwa wameshakufa. Wa tatu alikuwa hai, mguu umekuwa mweusi, na uzi umezama nyamani. Niliukata. Mikono yangu imekata uzi maisha yangu yote, lakini siku ile sikupata pa kuingiza ncha ya mkasi. Palipokuwa na kifundo ndipo palipokuwa pabaya zaidi. Alifia kiganjani mwangu kabla sijamaliza, na Kifungo amekaa begani mwa Ngazi anatazama. Hakutuuma. Alikuwa amekuja kuniita siku mbili nzima, mimi nikamfungia dirisha.

Tuliwazika nyuma ya ukuta. Fundi aliporudi, kitu cha kwanza aliuliza kama wajukuu hawajambo.

"Wamehama," nilisema. "Wamekua. Mama yao kawapeleka mti mwingine."

"Bila kuaga?"

"Watoto wa siku hizi."

Alicheka. Nikaenda jikoni nikafungulia bomba la maji ili asinisikie. Ningemwambiaje? Mkono ule ulikuwa umefufuka kwa vifundo vilevile. Nilijiambia nanyamaza kwa ajili yake, lakini nilikuwa naogopa pia kubaki na mtu anayetazama ukuta.

Miezi miwili ikapita. Asubuhi moja nikiwa napiga pasi, nikamsikia Fundi anaita kwa furaha. Kifungo alikuwa magotini pake, tumbo limemjaa tena, anavuta soksi.

"Lete mkebe!" alisema. "Wa mabegi!"

Nikasimama na pasi mkononi. Nilitamani Ngazi aingie, mteja aingie, mtu yeyote. Hakuingia mtu. Fundi alikuwa na kipande kimoja tayari kwenye meza, akakishika kwa mkono wa kushoto, akamnyooshea.

"Fundi, usimpe."

"Kwa nini?"

"Wale hawakuhama."

Nikamweleza yote. Sikuficha siku zangu mbili wala karanga zangu. Alinisikiliza bila kunikatiza, na Kifungo akiuvuta ule uzi kwa meno muda wote.

"Vifundo vyangu," alisema mwishoni.

"Ni uzi, Fundi. Na mimi ndiye niliyeuleta."

"Vifundo vyangu mimi."

Akakunja ngumi. Kifungo aliinusa, akaanza kuipekua kwa pua, kidole hadi kidole, alivyokuwa akitafuta karanga zamani. Ndipo Fundi akapiga kelele. "Toka!" Tangu tuoane sijamsikia akipaza sauti hivyo. Kifungo aliruka hadi kizingitini, akageuka, akatutazama. Fundi akapiga meza, akapiga tena, mpaka Kifungo akatoka nje. Kisha akanyoosha mkono ule wa kushoto, akalivuta dirisha na kusukuma komeo mpaka likaingia. Nilitaka kumsaidia, akanizuia kwa jicho.

Kifungo alikwaruza kioo siku tatu. Fundi alikaa palepale, amempa mgongo, machozi yanamtiririka bila kuyafuta, nami nikashona na kuharibu mikono miwili ya shati. Siku ya nne hakuja.

Sasa kila asubuhi, kabla ya chai, Fundi ananiuliza.

"Kaja?"

"Hajaja."

"Vizuri," anasema, kisha anautazama ukuta mpaka mchana.