Uwanja Wenye Mikunjo

Manase alitupia picha ya zamani kwenye kundi letu la WhatsApp: babu yake katulia tuli, nyuma yake ndege inatua. Akauliza, "Huu ni uwanja gani?"

Watu wa Makambako wakadai ni uwanja wa kwao, Lyamkena. Sisi wa Njombe tukawaka: babu kavaa koti zito, baridi hiyo ni ya wapi kama si kwetu? Mwenyekiti wetu Ebeneza akaagiza kabisa kibao cha kumbukumbu cha kuweka kwenye uwanja wetu.

Kelele ziliponichosha nikaikuza picha. Bawa la ndege lilikuwa na mikunjo, tena limening'inia kwenye kamba. Nikaandika, "Jamani, hili ni pazia la studio!"

Kisha Ebeneza akajibu: "Sawa, ni pazia. Lakini hiyo ndege inatua Njombe."