Kijani Ukuta Mzima

Fundi wa seva, ambaye ofisi nzima ilimwita Mama Mitambo, alimaliza kufunga kifurushi chake Jumatatu asubuhi, chai ikiwa imeshapoa mezani. Ndani yake mlikuwa na programu moja ndogo, kazi yake kukaa kwenye kila seva ya kampuni huko mawinguni na kutoa taarifa: joto kiasi gani, mzigo kiasi gani, ipi inakaribia kuzimika. Pale panapoandikwa programu iende wapi, kwa uchovu tu, akaweka nyota. Nyota maana yake kila kitu. Akabonyeza, akaenda kuosha kikombe.

Aliporudi, programu ilikuwa imeshaingia kwenye seva zote, kwenye birika la umeme, na kwa watu. Haikumuumiza mtu. Mhasibu alihisi kitu kinamtekenya shingoni, akajikuna, akaendelea na hesabu zake. Kwenye skrini kubwa ya ukutani wote walijipanga mmoja chini ya mwingine, seva, birika, mhasibu, mlinzi wa getini. Meneja alikuwa na mzigo wa asilimia mbili, na hizo mbili zilikuwa za kusaga kifungua kinywa.

"Hii iko sawa?" meneja akauliza.

"Iko sawa, bosi. Inapima tu."

"Vizuri. Wateja wanapenda vipimo."

Mistari yote ilikuwa ya kijani isipokuwa mmoja mwekundu, wa Mama Mitambo mwenyewe. Mzigo asilimia tisini na saba, moyo unachemka, unaweza kusimama wakati wowote.

Alifurahi jamani, acha tu. Daktari alishamwambia apumzike, na likizo ameiomba mpaka mdomo umekauka, kila mara anajibiwa mbona unaonekana huna neno. Sasa si wamejionea? Akampigia mumewe.

"Nadhani leo nimepata likizo."

"Usinitanie, mke wangu."

"Sikutanii. Iko ukutani, kila mtu anaiona."

Tatizo ni kengele ya ile programu. Ililia kila moyo wake uliporuka, na chumba cha pili kulikuwa na kikao. Meneja akatoka, akautazama ule wekundu, uso umejaa huruma ya kweli.

"Pole sana, Mama. Hali hii si nzuri."

"Si nzuri kabisa, bosi. Nilisema."

"Wageni wanakuja saa nane, wataikuta nyekundu." Akakuna kidevu. "Kikomo cha kengele umeweka ngapi?"

"Tisini."

"Kipandishe."

Alitaka kubisha. Lakini angebisha nini? Kazi hii ndivyo inavyofanywa: kengele ikizidi kelele na seva bado inajikongoja, huigusi seva, unapandisha kikomo, watu wanaendelea na chai. Yeye mwenyewe amezifanyia hivyo seva kongwe mpaka zikakata roho. Na neno la siri alikuwa nalo yeye peke yake. Akakaa, akaandika mia mbili.

Mstari ukawa kijani, kengele ikanyamaza. Meneja akaupiga picha ukuta mzima, akawatumia wakubwa. Wageni walipofika, walipiga makofi.

Jioni mumewe akapiga. "Vipi, unakuja?"

Mama Mitambo alikuwa ameegemea meza, mkono kifuani, jasho linamtiririka. Akainua macho ukutani kusoma anaendeleaje.

"Siji," akasema. "Imeonekana sina tatizo."