Kufuli la Tangi

Gari lilizima kwa mara ya tatu asubuhi ile, palepale mlimani, na kaka mtu akaupiga usukani kwa kiganja, utadhani usukani ndio uliomkosea.

"Haya, fundi," akasema. Hilo neno fundi alilitamka kama anayetema kokwa. "Si ulisema ni koili ya kutoa cheche? Koili si hiyo hapo, mpya?"

Fundi alifungua mlango wake. Alikuwa dada yake wa tumbo moja, mdogo wake kwa miaka miwili, na alishajua tangu utotoni kwamba kubishana na huyu ni kutwanga maji kwenye kinu. Alishuka, akafungua boneti.

Kiti cha nyuma, kile ambacho watengenezaji wa magari ya mbio huwawekea watu wasio na miguu, kilikuwa na shangazi yao, magoti yamemfika kidevuni.

"Kama mnanizika, basi nizikeni nimenyooka," alisema. "Nifungulieni nitoke!"

Shangazi alikuja kama shahidi. Baba yao alipofariki aliacha wosia mfupi: gari kwa mwana wa kiume, gereji kwa mwana wa kike. Injini ya gari hilo, silinda sita na karbureta tatu, baba na binti waliifufua kwa mikono yao, boliti moja moja, kwa miaka minne, wakati kaka mtu hajui hata spana inashikwa upande gani. Sasa tangu mwezi uliopita gari lilikuwa likienda dakika ishirini linazima, likipumzika kidogo linawaka. Kaka mtu akaenda kwenye kikao cha ukoo, mbele ya wajomba na mashemeji, akasema dada yake ameliharibu kwa kijicho. Akasema pia amepata fundi mwingine, ambaye Jumatatu ataing'oa injini ya baba na kuweka ya gari la kawaida. Shangazi ndiye aliyemwombea binti siku moja tu ya kuutafuta ubovu. Siku yenyewe ndiyo hiyo.

Fundi alichomoa waya wa plagi, akaushika kwa koleo karibu na chuma. "Piga stata."

Cheche iliruka, nene, ya bluu. Moto upo, basi. Akafungua bakuli la karbureta ya kwanza. Kavu. La pili kavu, la tatu kavu. Akatega sikio kwenye pampu: ilikuwa inagonga kama kawaida yake, inavuta kwa bidii zote, ila haipati kitu.

"Mafuta yamekwisha?" shangazi aliuliza huku akijinyoosha mgongo barabarani.

"Tangi lina nusu, shangazi."

"Sema tu umeshindwa," kaka mtu alisema. "Mpaka saa sita tutakuwa hapa tunakuangalia unavyonusanusa?"

Alitamani kumpiga na hiyo koleo. Badala yake alijiuliza swali alilopaswa kujiuliza tangu asubuhi: ni ugonjwa gani huu unaopona wenyewe ukiuacha dakika kumi? Bomba likiziba halizibuki lenyewe. Pampu mbovu haipati nafuu kwa kupumzishwa. Akalizunguka gari polepole akilifuata bomba la mafuta hadi nyuma, akasimama mbele ya mdomo wa tangi. Kifuniko kilikuwa kipya, kinang'aa, na katikati kina tundu la ufunguo.

"Hiki umekiweka lini?"

Kaka mtu alishuka. "Mwezi uliopita. Kwani kinakuhusu nini?"

"Cha zamani kilikuwa na shida gani?"

"Shida kilikuwa hakifungwi." Alimtazama shangazi, kisha dada yake. "Gari lilikuwa linalala gereji kwako siku za matengenezo, na kila likirudi mafuta yamepungua. Nifanyeje? Nikae tu mkiyanyonya kwa mpira?"

Fundi alihisi uso wake ukiwaka. Kuambiwa ana kijicho aliweza kumeza. Kuitwa mwizi wa mafuta, na mtu aliyelala naye kitanda kimoja utotoni, hakuweza.

"Lina karbureta tatu, kaka. Linakunywa. Baba alikwambia."

"Astaghafiru," shangazi alisema.

"Nipe ufunguo."

"Ufunguo wa tangi simpi mtu."

"Basi fungua mwenyewe."

Alifungua kwa maringo, akakizungusha kifuniko. Tangi likavuta pumzi, fyuuuu, pumzi ndefu iliyomfanya shangazi arudi nyuma hatua mbili. Fundi alikwenda mbele, akasubiri pampu ijaze mabakuli, akapiga stata. Injini iliwaka papo hapo, silinda zote sita zinaimba.

"Kifuniko cha baba kilikuwa na kitundu cha kupitisha hewa," aliwaeleza kwa sauti ya kuushinda mngurumo. "Mafuta yakitoka, lazima hewa iingie. Chako hakina. Nyonya chupa ya maji bila kuachia mdomo uone kama itaendelea kutoa. Kilete nikitoboe, ni kazi ya dakika mbili."

"Bahati tu hiyo," kaka mtu alisema. Akafunga kifuniko, akatia ufunguo mfukoni, akaingia garini. "Nalijaribu mwenyewe."

Walikaa kwenye ukingo wa barabara wakamwona akipanda na kushuka mlima ule. Shangazi alisema ni mkaidi kama punda, kisha akamwomba punda radhi. Dakika ya kumi na nane gari lilikohoa, likazima hatua chache kutoka walipokuwa. Kaka mtu alibaki ndani. Ufunguo alikuwa nao, na dawa alishaijua.

"Fungua tangi, kaka," fundi alisema.

Kaka mtu alitoa simu. "Njoo na gari la kuvuta," alimwambia yule fundi mwingine. "Ndiyo, injini. Imekufa kabisa, usingoje Jumatatu."

Shangazi alianza kumfokea, na fundi akamshika mkono. Alisogea dirishani.

"Wakiing'oa, nipe mimi."

"Ichukue," kaka mtu alisema bila kumtazama. "Chuma chakavu tu."

"Shangazi, umesikia?"

"Nimesikia, mwanangu. Anatoa injini nzima ili asitoe neno moja la samahani."

Kaka mtu alipandisha kioo hadi juu, akakaa humo na joto lake kusubiri kuvutwa.